UZI: Yoshinori Ohsumi na hamira zake. Nobeli ile alipewa kwa kazi gani hasa?

Mwanamaabara wa Wandegeya (mwanzisha uzi)

Habarini wanajukwaa, wakubwa wangu nawaamkia. Tangu Ramadhani iliyopita kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kampala, na juzi umenifikia tena kutoka kwa shangazi yangu. Unadai kuwa Mjapani mmoja alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kugundua kwamba mtu akikaa saa 16 bila kula, mwili wake unaila saratani na kuimaliza. Shangazi ana kisukari na yuko kwenye dawa. Alikuwa ameshaanza kuacha mlo wa asubuhi kwa kuuamini ujumbe huo. Nikaona nisimjibu yeye peke yake.

Mjapani huyo yupo, na anastahili kujulikana vizuri zaidi ya hivyo. Ni Yoshinori Ohsumi, mtaalamu wa baiolojia ya seli. Tarehe 3 Oktoba 2016 alitangazwa mshindi wa Nobeli ya fiziolojia au tiba, tena peke yake, ilhali siku hizi tuzo hiyo mara nyingi huwaangukia wawili au watatu. Katika kazi iliyompa tuzo hakuna mtu aliyefungishwa. Hakuna mgonjwa wa saratani, hakuna saa 16. Kuna hamira, jamii ile ile inayoumua mandazi yetu, na kuna hadubini.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Seli hutengeneza protini mfululizo, na protini hizo huchakaa. Otofaji ni njia ya seli kujila yenyewe kwa mpango: inazichukua sehemu zake zilizochakaa, na wakati wa njaa hata zilizo nzima, inazizungushia utando wa tabaka mbili, inazipeleka kwenye chumba chenye vimeng'enya vikali, zinavunjwavunjwa, kisha vipande vinatumika upya. Ni kama fundi anayebomoa kibanda kikuukuu apate mabati na mbao za kujengea kingine. Chumba hicho kwetu sisi wanyama ni lisosomu, na kwa hamira ni vakuoli.

Ohsumi hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Lisosomu ziligunduliwa miaka ya 1950 na Christian de Duve, Mbelgiji, na ni yeye aliyeipa otofaji jina lake mwaka 1963 kwenye mkutano uliofanyika London. De Duve alipata Nobeli mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na George Palade. Wakati huo watu walikuwa wameshaona kwa hadubini ya elektroni, ndani ya seli za ini la panya, vifuko vilivyomeza vipande vya mitokondria. Kwamba jambo lipo, ilijulikana. Ni jeni zipi zinaliendesha, protini ipi inatoa amri na ipi inafunga mfuko, hakuna aliyejua. Hali ikakaa hivyo kwa takriban miaka 30. Kifuko cha namna hiyo hudumu dakika chache tu kabla lisosomu haijakimeza, na mtafiti anabaki hana cha kushika.

Sasa huyu bwana. Alizaliwa Fukuoka tarehe 9 Februari 1945, mtoto wa mwisho kati ya wanne, baba yake profesa wa uhandisi. Alipoingia Chuo Kikuu cha Tokyo alikusudia kusoma kemia, akahamia baiolojia ya molekuli iliyokuwa bado changa. Uzamivu aliupata mwaka 1974. Kisha akaenda New York, Chuo Kikuu cha Rockefeller, kwenye maabara ya Gerald Edelman aliyekuwa ametoka kupata Nobeli mwaka 1972 kwa kazi ya kingamwili. Huko akapewa kazi ya kutungisha mayai ya panya ndani ya chupa, jambo ambalo hakulisomea. Haikumkalia vizuri. Ndipo alipoigeukia hamira, na hakuiacha tena.

Mwaka 1977 akarudi Tokyo kama msaidizi katika maabara ya mwingine, akachagua kuchunguza vakuoli. Zingatieni hapo. Vakuoli wakati ule ilionekana kuwa jalala la seli tu, na wengi waliochunguza jinsi kemikali zinavyopita kwenye utando walishughulikia utando wa nje. Ohsumi amesema mara nyingi kwamba hapendi mashindano, anapenda kushika kazi ambayo hakuna anayeigombania. Maabara yake mwenyewe aliipata mwaka 1988, pale Komaba, kampasi ya Chuo Kikuu cha Tokyo, akiwa na umri wa miaka 43. Kwa viwango vya wanaohesabu makala na vyeo, alikuwa amechelewa.

Na hapa ndipo kazi yake inaponivutia kuliko yote. Kama tatizo ni kwamba vifuko vinatoweka upesi, basi zuia visitoweke. Akachukua hamira zenye hitilafu ya jeni, zilizokosa vimeng'enya vya kuvunjia protini ndani ya vakuoli, akazinyima naitrojeni zikapata njaa, akazitazama kwa hadubini ya mwanga wa kawaida. Baada ya saa chache vakuoli zilikuwa zimejaa viduara vidogo vikichezacheza bila kutulia. Kilichokuwa kikipotea kwa dakika sasa kimejikusanya na kinaonekana kwa macho. Mtafiti mwenzake, Misuzu Baba, akavipiga picha kwa hadubini ya elektroni, wakathibitisha kuwa ni vipande vya seli vilivyofungwa ndani ya utando. Makala ilitoka mwaka 1992.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyofungua mlango. Ukishakuwa na alama inayoonekana, unaweza kuharibu jeni za hamira ovyo kwa kemikali, kisha ukatafuta zile ambazo zikipata njaa hazijazi viduara. Hamira ya namna hiyo imekosa kitu ambacho otofaji haiendi bila hicho. Yeye na mwanafunzi wake Miki Tsukada wakapata ya kwanza, wakagundua pia kwamba inakufa mapema ikinyimwa chakula, wakaitumia sifa hiyo kusaka nyingine. Mwaka 1993 wakatoa orodha ya makundi 15 ya jeni katika makala fupi kwenye jarida la FEBS Letters. Nimeisoma makala hiyo zaidi ya mara moja na bado inanishangaza kwa ufupi wake. Karibu kila kitu tunachokijua leo kuhusu mashine ya otofaji kimetoka kwenye orodha ile.

Nitaendelea na sehemu ya athari zake. Maswali yanakaribishwa.

Ustaadhi wa Bombo

Assalaam alaykum. Nakushukuru ndugu kwa maelezo. Mimi ni mmoja wa waliousambaza ujumbe ule, kwa nia njema. Sasa nifafanulie, je, unasema kufunga hakuhusiani kabisa na otofaji? Maana hapo umesema hamira zilinyimwa chakula zikaanza kujila. Huoni kuwa ni jambo lile lile?

Mwanamaabara wa Wandegeya

Wa alaykum salaam ustaadhi. Swali lako ni la haki kabisa. Njaa inaiwasha otofaji, hilo halina ubishi. Seli ina protini inayoitwa TOR inayopima kama chakula kipo. Chakula kikiwepo, TOR inaizuia protini nyingine, Atg1, isikusanyike na wenzake. Chakula kikikatika, breki inaachiliwa na kazi inaanza. Kwa panya aliyekaa siku nzima bila kula, Noboru Mizushima, aliyetoka maabara ya Ohsumi, alionyesha mwaka 2004 jinsi vifuko vinavyoongezeka kwenye ini, misuli na moyo.

Lakini siku moja bila chakula kwa panya ni adhabu kubwa sana kwa mwili mdogo kama ule, huwezi kuihamishia kwa binadamu saa kwa saa. Kwa binadamu, kupima otofaji ndani ya ini au ubongo wa mtu aliye hai ni kazi ngumu, na hakuna saa maalumu iliyothibitishwa kwamba hapo ndipo inawaka. Ile 16 haikutoka kwa Ohsumi.

Kuhusu saratani, jambo ni zito zaidi. Beth Levine, daktari Mmarekani aliyefariki mwaka 2020, alionyesha mwaka 1999 kwamba jeni ya Beclin 1, ndugu wa mojawapo ya zile za hamira, inasaidia kuzuia uvimbe. Hiyo ni habari njema. Ila uvimbe ukishajengeka, seli zake nyingi huitumia otofaji hiyo hiyo ili ziishi mahali penye uhaba wa damu na chakula. Ndiyo maana kuna majaribio ya hospitali yanayojaribu kuizima otofaji kwa wagonjwa wa saratani. Mgonjwa wa Taasisi ya Saratani pale Mulago akiambiwa ajinyime chakula ili saratani iliwe, anaweza kuumia pande mbili: anapoteza nguvu za kuhimili dawa, na pengine anausaidia uvimbe.

Ustaadhi wa Bombo

Nimekuelewa, Allah akulipe kheri. Nami niongeze kwa upande wangu. Saumu ni ibada, haihitaji Nobeli kuithibitisha. Na Qur'ani imeshamruhusu mgonjwa kula na kukamilisha hesabu siku nyingine. Shangazi yako mwambie asiache dawa wala chakula bila kuongea na daktari wake. Maelezo haya nitayapeleka kwenye makundi yale nilikoutuma ujumbe ule.

Mwanamaabara wa Wandegeya

Ahsante sana ustaadhi, hilo litamfikia haraka kuliko maneno yangu.

Naendelea. Mwaka 1996 Ohsumi alihamia Taasisi ya Taifa ya Baiolojia ya Msingi huko Okazaki, na hapo ndipo maabara yake ilipopata watu wa kuzisoma jeni zile moja moja. Walikutana na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Jeni nyingi kati ya hizo hazikufanana na kitu chochote kilichojulikana. Mwaka 1998 Mizushima na wenzake wakaonyesha kwamba protini inayoitwa Atg12 inagandishwa juu ya Atg5 kwa namna inayofanana na yubikwitini, mfumo ambao seli huutumia kuweka alama kwenye protini. Miaka miwili baadaye Ichimura na wenzake wakaona protini nyingine, Atg8, inagandishwa kwenye mafuta ya utando. Protini kugandishwa kwenye mafuta kwa njia ile lilikuwa jambo jipya kabisa katika baiolojia. Atg8 hiyo ndiyo inayokaa kwenye kifuko kinapokua.

Mwaka huo huo wa 2000 Tamotsu Yoshimori na wenzake wakaonyesha kwamba binadamu na panya wana ndugu wa Atg8, anaitwa LC3. Sijui kama kuna namna ya kueleza uzito wa jambo hili kwa mtu ambaye hajawahi kukaa maabarani. Kabla ya LC3 ulihitaji hadubini ya elektroni na mtaalamu wa kuisoma picha. Baada ya LC3, maabara yoyote yenye vifaa vya kutenganisha protini inaweza kuanza kuichunguza otofaji. Makala za fani hii, zilizokuwa chache kwa mwaka, leo ni maelfu. Chanzo kimojawapo kikubwa ni kipimo hicho.

Haki itendeke pia kwa wengine. Michael Thumm huko Ujerumani na Daniel Klionsky huko Marekani walikuwa wanasaka hamira zao kwa njia tofauti, na ilipokuja kulinganishwa, jeni zikawa nyingi ni zile zile kwa majina tofauti. Mwaka 2003 wakakubaliana wote watumie jina moja, ATG, likifuatiwa na namba. Makubaliano hayo yaliondoa vurugu kubwa. Klionsky akaanzisha mwaka 2005 jarida linaloshughulika na otofaji peke yake. Orodha ya ATG sasa imepita 40.

Nesi wa wodi ya watoto

Kaka, mimi nipo na watoto wachanga kila siku, hospitali ya wilaya huku magharibi. Hizi hamira zinanihusu vipi? Nauliza kwa moyo mweupe.

Mwanamaabara wa Wandegeya

Dada, nimefurahi umeuliza, kwa sababu mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote katika fani hii linahusu watoto wachanga, ingawa ni wa panya. Mtoto akiwa tumboni analishwa na kondo muda wote. Kitovu kikikatwa, chakula kinakatika ghafla, na maziwa hayajaanza kumtosha. Mwaka 2004 Akiko Kuma na Mizushima walionyesha kwamba katika saa za kwanza baada ya kuzaliwa, otofaji inapanda kwa nguvu katika mwili wa kipanya, kisha inashuka ndani ya siku moja au mbili. Wakatengeneza vipanya visivyo na Atg5. Vilizaliwa vikionekana vya kawaida, lakini karibu vyote vikafa ndani ya siku moja, amino asidi kwenye damu zikiwa zimeshuka. Yaani mwili wa mtoto unajila kidogo ili kuvuka pengo kati ya kondo na titi.

Miaka miwili baadaye makundi mawili ya Japani yakaizima otofaji kwenye neva za ubongo wa panya tu. Panya hawakuwa na njaa, ila protini chafu zikajilimbikiza ndani ya neva na wakaanza kushindwa kutembea vizuri. Hapo ndipo watu wa maradhi ya kutetemeka na ya kusahau walipoanza kuisoma otofaji kwa bidii.

Nesi wa wodi ya watoto

Hapo kwenye pengo kati ya kondo na titi umenigusa. Tunawahimiza akina mama wamnyonyeshe mtoto ndani ya saa ya kwanza, na wengine wanasema maziwa bado hayajatoka. Sikuwahi kufikiri mtoto naye ana akiba yake ya namna hii. Tutaendelea kuwahimiza vile vile.

Mhandisi wa Ntinda

Nimesoma uzi wote, umeandikwa vizuri, lakini niseme wazi. Japani ni tajiri, inaweza kumlipa mtu miaka 20 achungulie hamira. Sisi tuna barabara mbovu, hospitali hazina dawa. Mtu akija kuomba fedha ya umma achunguze vakuoli, mimi nikiwa kwenye kamati nitamkatalia. Utafiti wetu uwe wa kutatua matatizo.

Mwanamaabara wa Wandegeya

Mhandisi, nakuheshimu, na hoja yako naisikia sana hapa mjini, hata kwa watu waliosoma. Sikubaliani nayo.

Tuanze na gharama. Kilichompa Ohsumi ufunguo mwaka 1988 hakikuwa mashine ya mabilioni. Ilikuwa hadubini ya mwanga, sahani za kuoteshea hamira, na mtu aliyekaa muda mrefu kwenye swali moja. Ghali ilikuja baadaye, jambo lilipokwisha kuonekana.

Pili, tusiongee kama kwamba hapa kwetu hakujawahi kutokea. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto. Hakuwa mtu wa maabara. Akaufuatilia kwa barua na kwa safari ndefu ya gari, akichora ramani ya wapi upo na wapi haupo. Sampuli za uvimbe zikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakuta ndani yake virusi. Ni virusi vya kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu. Nani angemwambia Burkitt mwaka 1957 kwamba taya za watoto wa Uganda zitafungua sura mpya katika elimu ya saratani ya dunia nzima?

Chukua na Zika. Mwaka 1947 watafiti wa Entebbe waliipata kwa nyani aliyewekwa kwenye msitu wa Zika, wakiwa wanatafuta homa ya manjano. Kwa miaka mingi ikaonekana ni virusi visivyo na madhara makubwa. Vilipolipuka Brazili, mwaka 2016 watafiti huko Marekani walionyesha kwamba protini mbili za virusi hivyo, NS4A na NS4B, huvuruga njia ya TOR katika seli changa za ubongo, otofaji inawaka isivyotakiwa na seli zinashindwa kukua. Msitu wetu wa Entebbe na hamira za Komaba zimekutana kwenye ubongo wa mtoto mchanga. Kamati yako ingeweza kuyapanga hayo?

Ohsumi mwenyewe amekuwa akisema bila kuficha kwamba serikali ya nchi yake inaegemea mno utafiti wenye faida ya haraka na kuwaacha vijana wenye maswali yao. Baada ya Nobeli akaanzisha mfuko mwaka 2017 wa kuisaidia sayansi ya msingi. Kama tajiri analilia jambo hilo, sisi tunalihitaji kwa kiasi kikubwa zaidi, hata kama tutaanza na kidogo.

Mtafiti wa kifua kikuu

Naomba nichangie, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya uzamivu. Mhandisi anataka matatizo ya hapa? Kifua kikuu hiki hapa. Bakteria wake humezwa na seli za kinga, kisha wanakataa kufa: wanazuia chumba walichomo kisiungane na lisosomu. Mwaka 2004 kundi la Vojo Deretic huko New Mexico lilionyesha kwamba ukiiwasha otofaji ndani ya seli hizo, kwa kuzinyima chakula au kwa dawa ya rapamaisini, bakteria wanafikishwa kwenye lisosomu na wengi wanakufa. Makala ile ilibadilisha jinsi tunavyoitazama kinga.

Na kuna Mwafrika mwenzetu hapo. George Kyei, daktari kutoka Ghana, akiwa na Deretic, alionyesha mwaka 2009 jinsi virusi vya UKIMWI vinavyoicheza otofaji ndani ya seli za kinga: hatua za mwanzo vinazitumia kujizalisha, na protini yao ya Nef inazuia hatua ya mwisho ili visije vikamezwa. Kwa nchi kama yetu, ambako mtu mmoja hubeba UKIMWI na kifua kikuu kwa pamoja, hilo si jambo la pembeni.

Nitoe tahadhari moja ili uzi usije ukageuka wimbo wa sifa. Mwaka 2015 ilionekana kwamba katika panya hai, Atg5 inamkinga mnyama dhidi ya kifua kikuu kwa njia ambayo haitegemei otofaji yenyewe. Panya waliokosa jeni nyingine kadhaa za ATG walivumilia vizuri tu. Kisha mwaka 2023 kazi iliyofanywa kwa seli za binadamu ikarudi kuonyesha kwamba ATG7 na ATG14 zinawabana bakteria. Mjadala uko hai. Mtu asiwaambie wagonjwa wa kifua kikuu wafunge kula ili wapone. Mgonjwa wa kifua kikuu anatakiwa ale ashibe na amalize dawa zake.

Mwanamaabara wa Wandegeya

Ahsante sana daktari mtarajiwa, umeongeza nyama nzuri. Hasa hiyo ya 2015, wengi huiruka.

Mzee wa Masaka

Wanangu, mimi si mtu wa sayansi, nilikuwa karani. Mmetaja majaribio ya kuizima otofaji kwa wagonjwa wa saratani. Inazimwa kwa dawa gani?

Mwanamaabara wa Wandegeya

Mzee wangu, dawa hiyo unaifahamu kuliko sisi vijana. Ni klorokwini, na ndugu yake haidroksiklorokwini. Ni ile ile chungu ya malaria, iliyowafanya watu wajikune usiku kucha, kabla nchi haijahamia dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini miaka ya 2000. Klorokwini inaingia ndani ya lisosomu na kuipunguzia ukali wake wa asidi, tena inazuia vifuko visiungane nayo. Mwisho wa njia unazibwa, vifuko vinarundikana. Ukitazama vizuri, ni mbinu ile ile ya Ohsumi: ziba mwisho uone kinachopita. Katika maabara za otofaji duniani kote klorokwini ipo kwenye friji kwa kazi hiyo. Na kimelea cha malaria chenyewe kina Atg8 yake, ila kimeipa kazi nyingine: inakaa kwenye kiungo kidogo kinachoitwa apikoplasti, na bila hiyo kimelea hakiishi. Kuna watafiti wanaoitazama kama mahali pa kukilenga kwa dawa mpya.

Mzee wa Masaka

Webale nnyo mwanangu. Klorokwini! Nilidhani ilishazikwa.

Mhandisi wa Ntinda

Sijabadilika moja kwa moja, bado naamini barabara kwanza. Lakini habari ya Burkitt sikuijua, na ile ya msitu wa Zika imenifikirisha. Kama mtu ataomba fedha ndogo ya hadubini na miaka mitano ya kutulia, nitamsikiliza.

Mwalimu wa Arua

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita. Nimewasomea wanafunzi sehemu ya kwanza ya uzi huu darasani, na wameniuliza jambo moja: je, sisi tunaweza kuviona viduara hivyo hapa shuleni? Tuna hadubini mbili zinazofanya kazi, moja ina lenzi ya mafuta.

Mwanamaabara wa Wandegeya

Mwalimu, hiyo yenye lenzi ya mafuta inatosha kuanzia. Vakuoli mtaiona hata kwa hamira ya dukani. Chukueni hamira kavu, iamsheni kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, subirini ichangamke, kisha wekeni tone dogo kwenye kioo na kufunika. Punguzeni mwanga wa hadubini, kwa sababu seli za hamira hazina rangi na mwanga mkali unazifuta. Duara kubwa ndani ya seli, linaloonekana laini kuliko sehemu nyingine, ndilo vakuoli. Wanafunzi wachore.

Viduara vyenyewe havitaonekana kwa hamira ya dukani, kwa sababu vimeng'enya vyake vipo na vinavila upesi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kemikali ya PMSF inayozuia vimeng'enya hivyo. Kundi la Ohsumi liliitumia pia katika makala ya 1992. Ni sumu, hiyo msiiguse shuleni. Ya pili ni kupata hamira zilizokosa PEP4, jeni inayohitajika ili vimeng'enya hivyo vifanye kazi, ambazo maabara nyingi za hamira wanazo na hugawiana. Hizo mnaziotesha kwenye chakula kamili, mnazisafisha kwa maji, mnaziweka kwenye mchanganyiko wenye sukari lakini usio na naitrojeni, mnasubiri saa nne hivi, halafu mnatazama. Wekeni na hamira za kawaida pembeni zilizofanyiwa hivyo hivyo, ili wanafunzi waone tofauti wenyewe.

Nitumie ujumbe wa faragha. Nitauliza kwa wenzangu hapa Kampala nani anazo, na tutaona jinsi ya kukufikishia kwa utaratibu unaotakiwa.

Mwalimu wa Arua

Nimekutumia sasa hivi. Kesho tunaanza na ya dukani.